Mheshimiwa kakilaani kitabu, nami nikayaandika maneno yake ubaoni. Nimekosea?

MuuzaKaratasi (mleta uzi), Jumanne usiku

Assalamu alaikum jamaa. Nina kiduka hapa Langoni, Lamu, daftari, kalamu, fotokopi, na rafu mbili za vitabu ambazo mke wangu huziita kaburi la mtaji. Anayeijua Langoni anajua kile kichochoro: punda wawili wakikutana na mizigo, mmoja arudi kinyumenyume.

Miezi mitatu nyuma mwalimu mmoja mstaafu wa huku visiwani aliniletea riwaya yake. Alijichapishia mwenyewe Mombasa, kwa kiinua mgongo chake. Katoni ilikuja na basi mpaka Mokowe, ikavuka na boti, ikanifikia pembe moja imelowa. Nakala 30. Bei 700, langu katika hizo 150. Wiki sita nikauza tatu, na moja kati ya hizo kainunua mpwa wake kwa haya.

Sitakitaja jina, mkaja kuniambia natangaza.

Basi kukawa na hafla ya kukabidhi madawati. Mheshimiwa mmoja (naye simtaji, ila aliye Lamu ameshajua) akakiinua juu kama refa anayetoa kadi. Akasema kitabu hiki ni sumu, na kwamba ukurasa wa 112 hawezi kuusoma mbele ya mama zake. Jioni klipu imeenea WhatsApp mpaka kwa wavuvi wa Kizingitini.

Asubuhi nafika dukani, sijafungua kufuli, vijana watatu wako barazani wananingoja. Hawajawahi kuninunulia hata kalamu.

Shetani ana mahali pake. Ubao wangu wa bei za fotokopi nikaufuta, nikaandika kwa chaki nyekundu:

"KITABU HIKI NI SUMU" — Mheshimiwa
Sh 700. Dozi ziko chache.

Siku tisa, katoni imekwisha. Nikaagiza 60 nyingine.

Sasa lililonileta. Wale vijana wamerudi, wanataka pesa zao. Wameusoma ukurasa wa 112. Mle mna mjane kaenda Matondoni usiku kwa fundi wa mashua ya marehemu mumewe. Fundi anatia kalafati, anaziba nyufa za mbao, anamwomba amshikie taa. Mkono ukagusa mkono, taa ikatikisika. Basi! Sura ikaisha. Kijana ananiambia, "Ami, sumu yako imepitwa na tarehe."

Ile nakala ya kuonjea niliyoiweka mezani, ukiiachia inafunguka yenyewe hapo. Ukingo wa ukurasa umeingia mafuta ya viazi vya karai. Kabla yake na baada yake kweupe kama siku ilipotoka mashine. Na hicho kitabu, jamaa, ni cha ardhi! Kuanzia sura ya nne mpaka mwisho ni kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu watatu. Hakuna hata mteja mmoja aliyeniuliza habari ya kiwanja.

Juzi mwalimu akanipigia. Nilidhani atanishukuru. Akasema, "Mwanangu, nimeandika kurasa 208. Wewe umeuza mmoja." Ananiomba niutoe ubao.

Nipeni rai. Nina katoni mbili mlangoni.

---

Nahodha_wa_Mokowe

Kumbe ile katoni ilikuwa sumu! Ningelijua ningekutoza nauli ya petroli.

---

Mtanga

Mkuu, pole na hongera kwa pamoja. Huku kwetu kila aliyesoma sekondari analijua hili. Kezilahabi alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, ikapigwa marufuku kusomeshwa darasani kwa muda. Matokeo yake? Kaka zetu waliisoma chini ya dawati, nakala moja kwa bweni zima, haina jalada, imeshonwa kwa uzi wa viatu. Baadaye ikarudi darasani kihalali, ikawekewa maswali ya mtihani, na hapo ndipo wanafunzi walipoanza kuichukia.

Uuache ubao.

---

MwalimuFasihi

Naona sote tunakimbilia kusema kulaaniwa ni biashara. Tusisahau kwamba inategemea anayelaani ana nini mkononi.

Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa *Matigari* kwa Kikuyu mwaka 1986. Wanavijiji wakawa wanamzungumza Matigari kana kwamba ni mtu wa kweli, anazunguka nchi akiuliza habari za ukweli na haki. Habari zikamfikia Rais Moi, ikatolewa amri mtu huyo akamatwe. Askari wakamtafuta, wakakuta ni mhusika wa riwaya. Basi wakakikamata kitabu: mapema mwaka 1987 nakala zikazolewa madukani. Je, hilo lilikuwa tangazo? Kwa sisi tunaosimulia leo, ndiyo. Kwa muuza vitabu wa siku ile, aliyeamka akakuta rafu tupu na hana wa kumlipa, hapana.

Na aliye karibu zaidi nasi, Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi, *Kenya Twendapi?* Kikamtia ndani miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta. Soma tena hilo jina la tuzo, kisha ukumbuke nani alikuwa rais alipofungwa.

Mheshimiwa wako yeye ana kipaza sauti tu. Ndiyo maana wewe unacheka na kuuza. Angekuwa na funguo usingefungua uzi huu.

---

Boda_Mokowe

Mwalimu umenikumbusha shule mpaka nimekaa wima.

Mie sijakisoma. Ukurasa wa 112 nimetumiwa picha yake. Kweli hakuna kitu, ila ile taa kutikisika imeandikwa vizuri.

---

KahawaTungu

Mwanangu MuuzaKaratasi, nimecheka hata kahawa ikanipalia. Nyinyi vijana mwadhani haya ni mapya.

Lamu hii watu walirushiana mashairi tangu zama za malenga Zahidi Mngumi na vita vya Shela, miaka mia mbili nyuma, na sumu ilikuwa sumu kwelikweli. Na mimi mwenyewe kwa mato yangu nimeuona uchaguzi wa Lamu Mashariki katikati ya miaka ya sabini, wakati wa mashairi ya Kimondo. Kila upande una malenga wake. Mashairi yanarikodiwa kwenye kanda, kanda zinapita mkono kwa mkono, mtu hana redio anakwenda kukaa barazani kwa mwenye redio.

Sasa nikwambie jambo. Wa upande huu akitaka kumjibu wa upande ule, aanze kwa kumtaja, ayarudie maneno yake, ndipo ayavunje. Usipoyarudia, wasikizaji hawajui unajibu nini. Kwa hivyo tusi la hasimu ulilihifadhi wewe mwenyewe ndani ya jibu lako. Mpaka yeo kuna beti nazijua kwa sababu tu ya waliozilaani.

Huyo mheshimiwa wenu hakuvunja kitu. Kainua kitabu, kataja ukurasa, kaketi. Malenga wa zamani angempiga kwa vina, na kitabu kisingeuzika.

---

Mtoro_Leicester

Mimi niko ughaibuni, nawapa za huku kwa mkato. Mwaka 1987 serikali ya Thatcher ilipambana mahakamani kukizuia kitabu cha jasusi mstaafu, *Spycatcher*. Kilizuiwa Uingereza, Marekani kinauzwa, watu wakawa wanarudi nacho mkobani kutoka New York. Mwaka uliofuata majaji wakasema siri zishatoka duniani, kuzuia hakuna maana tena. Nakala zilizouzwa zilipita milioni.

Na Januari 2018 mawakili wa Trump walimwandikia mchapishaji wa *Fire and Fury*, kitabu kinachoanika mambo ya Ikulu yake, wakimtaka asitishe. Kitabu kilikuwa kitoke tarehe 9, mchapishaji akakitoa tarehe 5! Mwandishi akaulizwa kwenye televisheni, akasema hajui ampelekee Trump wapi sanduku la chokoleti la shukrani.

MuuzaKaratasi, mpelekee mheshimiwa halwa.

---

Shabiki_Damu

Nimesoma yote nimenyamaza, sasa niseme. Mheshimiwa ana haki ya kutoa maoni kama nyinyi. Au kwa kuwa kitabu ni cha mwalimu basi hakiguswi? Mbona mnamgeuza kichekesho?

Tena mleta uzi si mkweli. Klipu ninayo. Mheshimiwa alisema hivi, neno kwa neno: "Kitabu hiki ni sumu kwa mtoto mdogo." Pale palikuwa shule ya msingi! Wewe umekata maneno matatu ukauza mengine. Nani kapotosha hapo?

---

BintiMkomani

Nimeirudia klipu. Shabiki kasema kweli. "Kwa mtoto mdogo" iko, inamezwa na makofi lakini iko.

MuuzaKaratasi, jibu.

---

MuuzaKaratasi

Nakiri. Niliisikia.

Ubao wangu ni futi mbili kwa moja na nusu. Nilianza kuandika herufi kubwa, nikafika "SUMU" nafasi ikaisha, nikatazama, nikaona pamekaa vizuri. Sikujiambia nakata maneno ya mtu. Lakini pia sikufuta nikaandika kwa herufi ndogo. Nyote mnajua "kitabu hiki ni sumu kwa mtoto mdogo" kisingemtoa mtu nyumbani. Hata dawa ya panya imeandikwa hivyo.

---

Wakili_wa_Jioni

Kisheria, kwa kuwa mmeniingiza: kashfa ya jinai, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, Mahakama Kuu ilikitangua Februari 2017, kwa hiyo hakuna atakayekufunga kwa hilo. Madai ya fidia ndiyo yapo bado. Kinga yako ya kwanza katika madai ni ukweli, na ukweli wako una maneno matatu pungufu. Ningekuwa wewe ningetafuta chaki nyembamba.

Ushauri huu ni wa bure na una thamani hiyohiyo.

---

BintiMkomani

Mimi nimekinunua, nimekisoma chote, na naona mnazungumzia ukurasa usiohusika. Hivi kweli mheshimiwa alitukanwa na mkono wa mjane?

Fungua ukurasa wa 131. Kuna mtu kavaa kofia ya vito, mpole, kila mtu anamwamkia kwa heshima. Kakaa kwenye kiti cha mpingo na wauzaji watatu wa kiwanja kimoja wanaingia mlango wa mbele na kutoka mlango wa nyuma, kila mmoja na bahasha, hakuna anayemwona mwenziwe. Mwandishi hakumtaja wadhifa. Kaeleza tu anavyoikunja ile karatasi ya hati: mara mbili kwa urefu, mara moja kwa upana, halafu anaipitisha ukucha kwenye mkunjo.

Mtu akikwambia "usitazame 112", macho yako yameshatoka kwenye 131. Sisemi alikusudia. Sisemi hakukusudia.

Lakini wewe ndugu yangu wa Langoni ulimsaidia. Yeye alinyosha kidole mara moja, siku moja, kwa watu waliokuwa pale. Wewe umekiweka kidole hicho ubaoni, kila siku, saa mbili asubuhi mpaka isha.

---

Nahodha_wa_Mokowe

Duh.

---

MwalimuFasihi

BintiMkomani, hapo sina la kuongeza, ila moja. Yule jamaa wa Leicester kataja vitabu ambavyo waliolaani walikuwa wanalalamikia kiini chenyewe. Jasusi alitoa siri, wakalilia siri. Mnunuzi alikwenda kutafuta siri na akazikuta. Tangazo na kitabu vilikuwa kitu kimoja. Hapa tangazo ni la kitabu kingine ambacho hakijaandikwa. Wale vijana wana haki ya kudai pesa zao, wamenunua kitabu cha mheshimiwa wakapewa cha mwalimu.

---

Boda_Mokowe

Mimi naona kitu kidogo tu. Jina la nani limeandikwa pale ubaoni? La mwandishi halipo. La kitabu halipo, maana hata hapa hukulitaja. Lililopo ni "Mheshimiwa". Njia ya Langoni, kila mtu anapita, akinamama wa sokoni, watoto wa madrasa, watalii. Sisi tunaobeba mabango wakati wa kampeni tunalipwa kwa siku. Wewe umembebea miezi hii bure, na uchaguzi ni 2027.

---

Shabiki_Damu

😂😂 Hapo Boda umenimaliza. Nami nakubali, acha ubao ubaki.

---

MuuzaKaratasi, Jumamosi alasiri

Nimerudi. Kumetokea jambo.

Jana baada ya sala ya Ijumaa kaja kijana mmoja, shati limepigwa pasi, simu mbili. Nikasema basi leo nimeshtakiwa. Akausoma ubao, akaupiga picha, akasimama kando akaupiga tena yeye mwenyewe akiwemo. Kisha akaniuliza kwa adabu kama naweza kurekebisha. Nikamwambia najua, nitaongeza "kwa mtoto mdogo", ndiyo haki.

Akasema la, hayo hayana neno, yako sawa. Anachotaka niongeze jina kamili la Mheshimiwa wake, maana waheshimiwa ni wengi, watu watachanganya. Tena kama ingewezekana, rangi ya chaki iwe ya chama.

Nikamuuliza, "Mheshimiwa kakisoma kitabu?" Akasema aliletewa picha ya ukurasa kwa simu, akiwa garini.

Akanunua nakala mbili. Alitaka risiti iandikwe "vifaa vya ofisi".

Alipoondoka nikakaa nikiutazama ubao mpaka adhana ya alasiri. Nikachukua kitambaa nikaufuta. Nyekundu haitoki vizuri, imebaki kivuli, "SUMU" bado inasomeka ukiujua mwanya wake. Juu yake nikaandika sentensi ya kwanza ya kitabu, ya mwalimu mwenyewe, pamoja na jina lake na jina la kitabu. Ni sentensi ndefu, ina habari za mwembe na mpaka wa kiwanja. Nimeiandika kwa herufi ndogo imeenea yote.

Wale vijana watatu nimewarudishia 300 kila mmoja, vitabu wabaki navyo. Mmoja alizikataa, anasema ameshafika sura ya sita, anataka kujua kiwanja kilibaki kwa nani.

---

BintiMkomani

Na mauzo?

---

MuuzaKaratasi

Tangu jana, moja. Mzee mmoja kasimama akaisoma sentensi yote, ilimchukua muda, punda wa nyuma yake akawa anamsukuma. Akauliza, "Huyu ni mwalimu aliyenisomesha mwanangu?" Akalipa kwa sarafu.

Mke wangu ameuliza mbona rafu zimejaa tena.

---

KahawaTungu

Mzee huyo ni mimi, mwanangu. Hukunitambua kwa sababu ulikuwa waangalia katoni.

Nimefika ukurasa wa 40. Mwembe ule naujua ulipo.

---

Mtanga

Mzee usitumalizie hadithi! Mkuu, unaweza kutuma Tanga? Nauli nalipa mimi.

---

Nahodha_wa_Mokowe

Nami niwekee moja, nakuja Jumatatu na boti ya saa tatu. Usinifungie kwenye gazeti, nitasoma njiani.